Kompyuta mpakato za kloni: nani ameshika ufunguo wa kuwashia?

Kloni si feki. Maneno haya mawili yanachanganywa sana, na anayeumia ni mnunuzi. Feki hubandikwa nembo ya mwingine ili ikudanganye. Kloni ina jina lake, au haina jina kabisa, na haijifichi: ahadi yake ni kwamba programu zilizoandikwa kwa ajili ya mashine fulani maarufu zitafanya kazi humo kana kwamba ziko kwao. Ahadi hiyo hutimia au huvunjika ndani ya sekunde chache baada ya kubonyeza kitufe cha kuwasha, pale kipande kidogo cha msimbo kilichohifadhiwa kwenye chipu kinapoamka kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye Macintosh za zamani kilikuwa kwenye ROM, kwenye ukoo wa IBM PC kikaitwa BIOS, siku hizi ni UEFI. Prosesa utainunua, skrini utainunua, betri utainunua. Msimbo wa kuwashia una mwenyewe, na mwenyewe akikunyima huna mashine.

Kwa hiyo mapitio haya hayapangi mashine kwa kasi wala kwa wembamba. Yanaangalia kila mtengenezaji alipataje haki ya kuwasha mashine yake, haki hiyo ilidumu kiasi gani, na aliyenunua alibaki na nini mkononi. Zile za zamani bado zinazunguka kwa wakusanyaji, zinafunguliwa na kutengenezwa, ndiyo maana tunazieleza kwa skrubu zake. Za leo tumeziweka mwisho, na ndizo tulizozichimba zaidi.

Outbound: mashine inayokula mashine

Outbound Systems, kampuni ya Boulder, Colorado, ilitoa kompyuta yake mpakato mwaka 1989, mwaka uleule Apple ilipotoa Macintosh Portable. Ukiziweka kwenye mizani, kloni inaiaibisha asili: Portable ina kilo 7.2, Outbound inazunguka kilo 4. Prosesa ni za familia moja, Motorola 68000, moja ikienda karibu megahezi 16 na nyingine 15, tofauti ambayo huwezi kuihisi ukiandika barua. Kibodi ya Outbound inachomoka na kuwasiliana na mwili kwa infraredi. Betri zake ni za kamera za video za wakati ule, ambazo mtu angeweza kuzipata dukani. Portable ilikuja na betri ya risasi na asidi iliyounganishwa kwa mfululizo na njia ya umeme, kwa hiyo betri ikifa mashine haiwaki hata ukiichomeka ukutani. Portable nyingi zimetupwa kwa kosa hilo tu, mwenyewe akidhani ubao mama umeungua.

Shughuli ni ROM. Mwaka huo Apple haikuwa na mpango wowote wa leseni za kloni, na kunakili ROM yake kulikuwa kosa lililokwisha kuamuliwa: mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya Marekani iliipa Apple ushindi dhidi ya kampuni ya Franklin, iliyokuwa imenakili msimbo wa Apple II. Outbound ikapita pembeni. Mashine iliuzwa ikiwa na soketi tupu, na ROM ikatolewa kwenye Macintosh halali na kuhamishiwa humo. Hakuna kilichonakiliwa; chipu imehama nyumba. Ila nyumba ya kwanza inabaki gofu, kwa kuwa Macintosh bila ROM haiwaki.

Anayetaka kuifufua Outbound leo atapitia kazi ileile, na inafaa ijulikane kabla ya kushika bisibisi. Kasha la Macintosh Plus, mojawapo ya Macintosh zinazotoa ROM hiyo, linafungwa kwa skrubu tano za Torx T15 (zenye kichwa cha nyota): mbili ndani kabisa ya mpini, mbili chini karibu na matundu ya nyaya, na moja ndani ya chumba cha betri. Hiyo ya tano ndiyo inayosahaulika, na plastiki hupasuka mtu akilazimisha. Bisibisi iwe na shingo ndefu, kama sentimita 20, la sivyo hutafika kwenye mpini. Ndani kuna mirija ya skrini inayoweza kuwa na chaji kali hata baada ya waya kuchomolewa. Chaji hiyo itolewe kwa kifaa chake kwanza, na shingo ya mrija isiguswe, maana ikivunjika hewa inaingia na skrini imekwisha. Ukishachomoa waya wa umeme na wa flopi, ubao unateleza kutoka.

ROM ni chipu mbili zenye pini 28 kila moja, kilobaiti 64 kwa 64, jumla 128. Ni mbili kwa sababu njia ya data ya 68000 ina biti 16: chipu moja hutoa baiti ya juu na nyingine ya chini. Zikibadilishana soketi, prosesa inasoma takataka tangu amri ya kwanza na utaona skrini tupu tu. Chipu ing'olewe kwa kuinua ncha moja kidogo, kisha ya pili, kisha kurudia, milimita kwa milimita. Anayeivuta upande mmoja hadi mwisho hupinda pini za upande wa pili, na pini ya umri huu ikipindwa mara mbili inakatika. Kishimo kwenye ncha ya chipu kielekee upande uleule wa alama iliyo kwenye soketi. Ukiigeuza na kuwasha, ROM imeungua na haina mbadala kutoka kiwandani. Miguu ikiwa imeshika weusi, isafishwe kwa alkoholi ya isopropili kabla ya kupachikwa.

Kinachokera kwenye matumizi ni kifaa cha kuongozea mshale: ufito mdogo chini ya kibodi unaouviringisha kwa juu na chini, na kuusukuma pembeni kwa kulia na kushoto. Kwa maandishi unazoeleka. Kwa kuchora mstari wa mshazari ni adhabu.

Kama mashine tunaipa nane juu ya kumi. Kama mpango wa leseni, mbili, kwa hesabu rahisi: kila Outbound inayowaka inadai Macintosh moja iliyozimwa, na bei ya Macintosh hiyo iko ndani ya bei yako. Oktoba 1991 Apple ilitoa PowerBook, ya chini kabisa ikiwa na kilo 2.3, na sababu ya kumsumbua fundi kwa kuhamisha chipu ikayeyuka.

Ukoo wa IBM: vyumba viwili na ukuta katikati

IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981 ilitumia karibu kila kitu cha kununuliwa: prosesa ya Intel 8088 ya megahezi 4.77, na mfumo endeshi wa Microsoft ambao Microsoft ilibaki na haki ya kuwauzia wengine. Kilichokuwa chake hasa ni BIOS, na hata hiyo iliichapisha mstari kwa mstari kwenye kitabu cha ufundi kilichouzwa hadharani. Usidhani ulikuwa ukarimu. Mhandisi aliyekisoma kitabu kile kisha akaandika BIOS inayofanana alikuwa amejitia doa mwenyewe, na hakuwa na pa kujitetea. IBM iliziandama kampuni za kloni za Corona na Eagle mwaka 1984, na zote mbili zikasalimu amri.

Njia iliyosimama ni ya vyumba viwili. Cha kwanza wanakaa wanaoichambua BIOS ya IBM na kuandika kazi zake tu, bila kuandika inazifanyaje. Kwa mfano: programu ikiita INT 10h (huduma ya skrini ya BIOS) huku rejista ya AH, kihifadhi kidogo ndani ya prosesa, ikiwa na 0Eh, herufi iliyo kwenye AL inachapwa kwenye skrini na mshale unasogea hatua moja. Maelezo hayo ndiyo pekee yanayovuka ukuta kwenda chumba cha pili, kwa waandishi ambao hawajawahi kuutia machoni msimbo wa IBM. Wanachoandika kitafanya kazi ileile kwa maneno mengine. Compaq ilijiandikia BIOS yake namna hiyo kwa ajili ya mashine yake ya kubebeka iliyotangazwa Novemba 1982, ingawa kubebeka kwenyewe kulikuwa kwa kilo zaidi ya 12. Phoenix ilifanya kazi hiyo mwaka 1984 kisha ikawauzia leseni wote waliotaka. Hapo ndipo soko lilipogeuka: msimbo wa kuwashia ukawa bidhaa ya rafuni, kama kapasita.

Matokeo yake kwa mipakato ni kioja kizuri. Toshiba ilitoa T1100 mwaka 1985: kilo 4 na kitu, prosesa ya 80C88 ya megahezi 4.77, RAM ya kilobaiti 256, flopi moja ya inchi 3.5, hakuna diski kuu, skrini ya nukta 640 kwa 200. IBM ilitoa PC Convertible yake Aprili 1986. Kloni imetangulia asili kwa mwaka mzima.

Kasoro ya T1100 haikuwa ndani ya mashine. Programu za PC wakati ule ziliuzwa kwenye flopi za inchi 5.25, zisizoingia kwenye tundu la 3.5, kwa hiyo uoanifu wa BIOS hata ukiwa kamili haukusaidii kama huna njia ya kuingiza programu. Wakaguzi wa wakati ule walipimia kloni kwa Lotus 1-2-3 (programu ya hesabu za jedwali) na Flight Simulator (mchezo wa kurusha ndege), na walikuwa na sababu: programu hizo zilikwepa BIOS na kugusa maunzi ya skrini moja kwa moja. Kloni yenye BIOS safi lakini skrini iliyosukwa kivingine ilianguka hapo.

Ukipata mashine ya umri huu, usiiwashe kwanza. Ifungue utafute betri za nikeli-kadimiamu, ile kubwa na ile ndogo ya saa. Zikivuja hutoa alkali inayokula njia za shaba. Unga wa kijani au mweupe upigwe siki nyepesi kuzimua alkali, kisha maji yaliyochujwa, kisha isopropili, na kila njia ipimwe kwa mita kabla ya kurudisha umeme.

Mwaka 1987 IBM ilijaribu kurudisha ufunguo mfukoni kwa mashine za PS/2 zenye njia mpya ya upanuzi, Micro Channel, iliyolindwa kwa hataza na kudai malipo ya leseni. Watengenezaji tisa wakiongozwa na Compaq wakajibu mwaka 1988 kwa njia yao ya upanuzi, EISA. Kwenye mipakato vita hiyo haikuwa na uzito, maana hakuna nafasi ya kadi za upanuzi. IBM yenyewe, ilipotoa mpakato wake wa PS/2 L40 SX mwaka 1991, ilitumia njia ya zamani ya AT.

SPARC, kwa kifupi

Sun ilifanya kinyume cha Apple: iliachia usanifu wa prosesa zake, SPARC, na tangu 1989 SPARC International ikawa inatunza jina na kupima uoanifu. Tadpole ya Cambridge, Uingereza, ikatoa SPARCbook, mpakato unaoendesha mfumo endeshi wa Sun. Ni leseni iliyoandikwa vizuri kuliko zote hapa, kwa mashine ambayo bei yake ilibaki ya maabara na majeshi.

Tatizo la mashine nyingi za SPARC za miaka ile limo kwenye chipu ya NVRAM, kumbukumbu inayotunza namba za mashine umeme ukizimwa, ambayo betri yake imefungiwa humohumo ndani ya plastiki. Betri ikifa, namba ya utambulisho wa mashine inapotea, anwani ya Ethernet inasomeka ff:ff:ff:ff:ff:ff, na programu zote zilizofungiwa leseni kwa namba hiyo zinagoma. Chipu inabadilishwa, au inakwanguliwa hadi kwenye nyaya za betri na kuunganishwa betri ya CR2032 ya nje, kisha namba zinaandikwa upya kwa amri ya mkp, zikifungwa na baiti ya hakiki ambayo ni XOR ya baiti 15 zilizotangulia. Ukikosea baiti hiyo moja, yote yanakataliwa.

Apple 1995–1997: mkataba wenye tundu

Apple ilipokubali hatimaye kutoa leseni, wa kwanza alikuwa Power Computing, kampuni iliyoanzishwa na Steve Kahng, mashine zake zikatoka mwaka 1995. Wakafuata Radius, DayStar, UMAX na Motorola. Ada ya mfumo ilikuwa kama dola 50 kwa mashine, ndogo mno ukilinganisha na faida ambayo Apple iliipoteza kila mteja wake alipohamia kwa mwenye leseni.

Karibu zote zilikuwa za mezani na minara. Mpakato ulibaki kwa Apple, na ukitazama ndani utaelewa kwa nini hata kiufundi ilikuwa vigumu. Wenye leseni wengi walichukua ubao uliokwisha kusanifiwa na Apple, kama Tanzania uliotumiwa na StarMax za Motorola (ndiyo, jina la ubao), wakaongeza kasha, umeme na diski. Ubao wa mezani unakubali hivyo. Mpakato haukubali: ubao unakatwa kufuata umbo la kasha, na kuna chipu ya pekee inayosimamia chaji, usingizi na kufunga kifuniko, nayo ina msimbo wake. Leseni ya ROM bila leseni ya chipu hiyo inakupa mashine inayowaka lakini isiyojua kulala.

Tundu la mkataba lilikuwa kwenye namba. Leseni zilitaja System 7, mfumo endeshi wa Apple wa wakati ule. Toleo lililokuwa likitayarishwa kama 7.7 likapewa jina Mac OS 8 na kutoka Julai 26, 1997, na wenye leseni wakajikuta nje ya mlango. Septemba hiyo Apple ikanunua kiini cha Power Computing kwa hisa za dola milioni 100, Motorola ikafunga StarMax, na UMAX peke yake ikaendelea hadi Julai 1998. Muhimu kwa mnunuzi: mashine hazikufa. Nyingi zinapokea Mac OS hadi 9.1 kwa nakala ya dukani, kwa kuwa ROM halali imo ndani. Aliyeumia ni mtengenezaji.

Mtu anayetaka kulinganisha na kloni isiyo na leseni kabisa atazame Psystar, iliyoanza kuuza mashine za mezani zenye Mac OS X mwaka 2008. Mahakama ilimzuia mwaka 2009 na rufaa yake ikakataliwa 2011. Wanaoweka macOS kwenye mipakato ya kawaida kwa mkono wao nao wanaishiwa barabara: Apple imetangaza kwamba macOS 26 ni ya mwisho kwa prosesa za Intel.

Za leo: kasha moja, majina kumi

Mpakato wa kloni wa leo hauitwi kloni. Viwanda kama Clevo na Tongfang hutengeneza mwili mzima, na wauzaji wa nchi mbalimbali hubandika majina yao. Ndiyo maana mashine mbili zenye nembo tofauti na bei tofauti hufanana hadi matundu ya feni. Ubora wa mwili mara nyingi ni mzuri: RAM na SSD zinabadilishika, skrubu ziko wazi, hakuna gundi. Kwa hilo zinazishinda nyingi zenye majina makubwa. Leseni zimegawanyika sehemu tatu, na kila moja ina mlango wake wa kukaguliwa.

Ya kwanza ni Windows. Tangu Windows 8, ufunguo wa mashine iliyotoka kiwandani na leseni huandikwa ndani ya BIOS kwenye jedwali liitwalo MSDM. Fungua PowerShell uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ukitoka ufunguo wa herufi na tarakimu 25, mashine ilinunuliwa na leseni. Ikitoka mstari mtupu, haikuja nayo. Hilo si kosa, tangu makubaliano ya 1994 kati ya Microsoft na serikali ya Marekani yalipokomesha mikataba ya kumlipisha mtengenezaji kwa kila mashine hata isiyo na mfumo wa Microsoft. Ni kosa tu ikiwa umelipishwa. Kisha andika slmgr /dli. Neno OEM_DM maana yake leseni ya kiwandani. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye mashine ya mtu binafsi, umewekewa leseni ya mashirika iliyowashwa kwa seva. Slmgr /xpr itakuonyesha tarehe ya kuisha, isiyozidi siku 180. Kwenye Linux angalia kama kuna faili /sys/firmware/acpi/tables/MSDM. Na kumbuka leseni ya kiwandani imefungwa kwenye ubao mama: ukibadilishiwa ubao na fundi asiye na zana za kiwanda, ufunguo umeondoka na ubao wa zamani.

Ya pili ni UEFI yenyewe, na hapa ndipo kloni za leo zinapopata alama za chini. Msimbo wa msingi hununuliwa kwa kampuni chache, hasa AMI, Insyde na Phoenix. Anayenunua anatakiwa kujaza utambulisho wake, kuweka ufunguo wake mkuu wa Secure Boot (ulinzi unaokubali kuwasha msimbo wenye sahihi inayoaminika tu), na kuendelea kutoa masasisho. Fungua msinfo32 utazame jina la mtengenezaji. Ukikuta "To be filled by O.E.M." au "Default string", hakujaza hata jina. Si suala la urembo: masasisho ya programu dhibiti hutambua mashine kwa vitambulisho hivyo, na mashine isiyo na jina mara nyingi haifikiwi.

Ufunguo mkuu ni mzito zaidi. Julai 2024 watafiti wa kampuni ya usalama ya Binarly walionyesha kwamba mamia ya aina za mashine, zikiwamo za majina makubwa, zilitoka viwandani zikiwa na ufunguo wa majaribio wa AMI, ulioandikwa wazi kwamba usiaminiwe. Ni sawa na nyumba mpya iliyoachwa na kufuli la fundi ujenzi. Fungua PowerShell kama msimamizi, kisha:

[System.Text.Encoding]::ASCII.GetString((Get-SecureBootUEFI PK).bytes) -match "DO NOT TRUST|DO NOT SHIP"

Jibu likiwa True, Secure Boot ya mashine hiyo ni pambo hadi mtengenezaji atoe BIOS mpya. Kuna na saa inayohesabu: vyeti vya Secure Boot vya Microsoft vya mwaka 2011 vinaanza kuisha Juni 2026. Mashine itaendelea kuwaka, ila isiyopata vyeti vipya vya 2023 itakosa masasisho ya usalama ya hatua ya kuwashia. Baadhi ya vyeti hivyo ni lazima vitiwe sahihi na mwenye ufunguo mkuu. Muuzaji aliyebandika nembo tu mara nyingi hanao, unao kiwanda.

Ya tatu ni kidhibiti kilichofichika, EC, kinachosimamia kibodi, feni na chaji. Kina programu dhibiti yake, na ndiyo inayofanya BIOS ya "mashine ileile" yenye nembo nyingine iwe hatari. Mwili ni uleule, lakini EC inaweza kuwa na mpangilio tofauti: ukiwasha unakuta kibodi imekufa na feni zinalia kwa nguvu zote. Kabla ya kuchoma (yaani kuandika upya) BIOS yoyote, soma namba ya kasha kwenye kibandiko cha chini, si jina la nembo, na namba ya toleo la EC ilinganishwe.

Ikibidi kuchoma kwa kifaa cha nje, tafuta chipu ya miguu minane, mara nyingi ya megabaiti 16 au 32. Soma namba yake kwanza: nyingine ni za volti 3.3 na nyingine 1.8, na CH341A, kifaa cha kuandikia chipu, bila kibadilishi cha volti itaua ya 1.8. Hata kwa 3.3, ile CH341A nyeusi ya bei rahisi inajulikana kwa kupitisha volti 5 kwenye njia za data, kwa hiyo irekebishwe au itumike nyingine. Chomoa betri na chaja. Nakili chipu mara mbili na ulinganishe nakala. Zisipofanana, kibanio hakijashika vizuri, usiandike chochote. Nakala hiyo ndiyo yenye namba ya mashine na ufunguo wa Windows, na wakati mwingine anwani ya mtandao. Anayeandika faili la intaneti juu yake bila kuhamisha sehemu hizo anapata mashine inayowaka lakini iliyopoteza leseni.

Kwenye vipuri, mambo mawili hukosewa sana. Konekta ya skrini ya eDP huwa ya pini 30 kwa skrini za kawaida za hezi 60, na 40 kwa za 120 kwenda juu au za 4K. Ukinunua skrini ya kasi kwa kebo ya pini 30 haitaingia, na kebo mpya haitoshi kama ubao hauna njia za ziada. Betri nayo: endesha powercfg /batteryreport ulinganishe uwezo wa kiwandani na wa sasa. Mashine iliyotumika ikionyesha namba mbili zinazolingana hadi tarakimu ya mwisho na mizunguko sifuri, betri au kipimo chake kimechezewa.

Bawaba za kasha hizi hushikwa na nati za shaba zilizopachikwa kwenye plastiki. Bawaba ikikaza, kila ufunguaji unang'oa nati kidogo hadi kona ya kifuniko inapasuka, na skrini inalaumiwa bure. Legeza nati ya bawaba robo mzunguko mapema, fungua kifuniko kwa kukishika katikati. Nati ikishang'oka, gundi ya kawaida haishiki. Tumia epoksi ya sehemu mbili, uache saa 24 kabla ya kufunga skrubu, na skrubu zirudi palepale zilipotoka, maana iliyo ndefu kwa milimita moja itatobolea kwenye paneli ya skrini.